Miguu Yote Miwili Chini

Kalume aliingia uani mikono mitupu. Bénédicte alikuwa ameshainua mchi juu ya kichwa. Akaushusha polepole ndani ya kinu bila kutwanga. Asubuhi mumewe alitoka na robota la kitambaa cha buluu begani, kitambaa cha kwaya, akitembea kama mtu aliyepewa cheo, maana si kila fundi cherehani wa Rubondo, hapa kambini Nakivale, anapewa kazi ya kuivisha kwaya nzima. Sasa robota halipo, na uso umemwiva kama wa mtu aliyezabwa kofi hadharani.

"Kitambaa iko wapi, Papa Joël?" Bénédicte akauliza.

"Uliza kaptula yako."

"Kaptula imefanya nini?"

"Imefanya nini! Bamenipokonya kazi, mama! Mbele ya batu bote. Muzee wa kanisa amesema nguo ya kuimbia Mungu haiwezi kushonwa mu nyumba fasi bibi anakimbiaka mu kiwanja mapaja inje. Nimesimama pale, futi yangu iko mu shingo, bana-kwaya banacheka banafunika kinywa. Unajua mutu anasikiaka namna gani?"

Nikwambie ukweli kuhusu hiyo kaptula: inafika magotini. Jezi zenyewe, za manjano, zililetwa na shirika moja, na zilishonwa kwa vipimo vya wanaume, kwa hiyo ukimwona Bénédicte amevaa utadhani mtoto wa shule aliyeazima nguo za kaka yake. Lakini mtu akitaka kukuona uchi atakuona hata umevaa blanketi, na huyo mzee wa kanisa alikuwa amekwisha kutaka.

"Wacha mupira," Kalume akasema. "Leo. Sasa."

Bénédicte akauinua mchi. Alitwanga. Sombe ilikuwa imeshaanza kulainika, ile harufu yake mbichi ya majani ya muhogo imejaa uani, na kila mchi uliposhuka ulishuka na neno ambalo hakulisema. Halafu akausimamisha kinuni na kumtazama mumewe machoni.

"Ku ofisi mi ni mukimbizi. Ku soko ni 'weye wa sombe'. Hapa mu nyumba ni Mama Joël, na Mama Joël ni jina ya Joël, haiko yangu. Mu kiwanja tu njo fasi batu bananiita Bénédicte. Banapiga makelele: Bénédicte! Bénédicte! Unataka niache hiyo pia?"

"Batu habakulaka jina."

"Na kaptula je, banaikulaka?"

Hakuwa mtu mbaya, Kalume, wala hakuwahi kumwinulia mkewe mkono. Alikuwa mwanamume aliyechekwa, basi, na mwanamume aliyechekwa akifika nyumbani hutafuta mtu wa kumrudishia.

"Tufanye hivi," Bénédicte akasema. "Kikombe ya bamama iko nyuma ya michezo mbili. Tukirudia bila kikombe, kaptula nitakupa mwenyewe uikate matambara ya kufutia cherehani. Sitagusa mupira tena mpaka Mungu ananiita. Lakini tukileta?"

"Mukileta?" Kalume akacheka kicheko kikavu. "Bamama ba sombe bapige bale ba Mbarara? Mukileta kikombe, mi mwenyewe nitashuka ku soko, siku ya soko, nitatwanga sombe yako mbele ya batu bote!"

"Nimesikia," ikasema sauti kutoka jikoni. Ilikuwa ya Bernardine, mama yake Kalume, mwanamke mkavu mwenye macho makali, ambaye hukaa kimya kutwa nzima halafu hutoa neno moja la kukuharibia siku. "Nimesikia mi, na Mungu pia amesikia."

Kalume akaugeukia mlango wa jikoni. Kwao Kivu mwanamume anaweza kulima, kujenga, kubeba gunia, hata kuosha mtoto kama hakuna anayeona. Kutwanga sombe? Sokoni? Heri apite kanisani bila shati.

* * *

Mtu aliyemwingiza Bénédicte kwenye hili jambo la mpira alikuwa Rénovat, Mrundi, kocha wa kina mama wa Nakivale, mtu mwembamba asiyejua kunyamaza. Alikuja sokoni kununua sombe, akasahau kununua. Alisimama akiangalia tu: mikono miwili imeshika mchi, inapanda, inapita juu ya kichwa, inarudi nyuma kidogo, kisha inashuka mbele kwa nguvu ya mgongo mzima.

"Mama," akasema, "wewe hapo unarusha tushi na hujui!"

Tushi ndiyo jina ambalo Wakongo na Warundi wameupa mpira wa kurusha, ule unaorushwa kwa mikono ukishatoka pembeni mwa uwanja. Wengine huudharau. Huurusha kwa mwenzao wa karibu na mchezo ukaendelea. Lakini ukimpata mtu wa kuurusha mpaka mbele ya goli, wallahi, umepata kona nyingine ambayo hakuna aliyekupa.

Na Bénédicte alikuwa akiutupa! Siku ya kwanza mpira ulivuka vichwa vya wote ukaenda kumshtua mbuzi mmoja aliyekuwa akila majani nyuma ya goli. Wenzake walipiga vigelegele, na yeye mwenyewe alibaki akiitazama mikono yake kama imetoka kwa jirani.

Rénovat aliwaimbia sheria mpaka wakazijua kama sala. Mikono yote miwili. Mpira utoke nyuma ya kichwa, upite juu ya kichwa. Uso uangalie uwanjani. Miguu yote miwili iguse chini, juu ya mstari au nje yake. "Na ukikosea moja, moja tu, refa anawapa wale wengine!"

Hapo kwenye miguu ndipo palikuwa na balaa. Bénédicte ametwanga tangu akiwa msichana, na mwili wake ulikuwa na desturi yake: mchi ukishuka, mguu wa kulia unapanda. Anautupa nyuma kidogo, kama anayepiga hatua ya ngoma, kisha anaurudisha. Kwenye kinu hakuna wa kukupulizia filimbi. Uwanjani yupo.

Na alikuwepo siku chache baada ya yale maneno ya uani, walipokuja kina mama wa Ngarama kucheza nusu fainali Nakivale. Mwamuzi aliitwa Nehemiya, Mganda aliyestaafu polisi, mwenye tumbo dogo la heshima na Kiswahili cha kambi, ambaye kila mwanamke kwake ni "nyabo", yaani mama. Bénédicte akarusha tushi la kwanza, zuri kupita maelezo. Prrrr!

"Mguu iko juu, nyabo! Mpira kwenda kwa Ngarama!"

Akarusha la pili. Prrrr! "Mguu tena! Wewe nacheza dansi?"

Watu wakacheka. Bénédicte akasikia joto likimpanda masikioni. La tatu alijikaza, akaibana miguu ardhini mpaka vidole vikauma, akautupa kwa hasira yake yote. Ukaruka, ukaruka, ukaingia golini moja kwa moja bila kuguswa na mtu! Nakivale nzima ikalipuka. Kina mama wakakimbia, wakamwangusha, wakamlalia juu, mmoja akavua kilemba akakizungusha hewani, watoto wakamwagika uwanjani, na ngoma ikaanza kulia palepale. Nehemiya aliwasubiri wachoke.

"Hapana goli," akasema.

"Weee! Ameingiza!"

"Kuingiza ni kuingiza. Lakini mpira ya kurusha hapana ingia goli yenyewe. Lazima mtu naguse kwanza. Goalkeeper ya Ngarama, piga mpira yako."

Aibu gani hiyo! Walikuwa wamecheza ngoma kwa goli lisilokuwepo. Rénovat alikuwa amejishika kichwa, maana hilo moja alisahau kuwafundisha; hakuwahi kudhani kuna mwanamke duniani atakayelihitaji.

Waliokolewa na Concilie. Huyu ni Mrundi pia, mkulima wa mahindi, mrefu kuliko wanaume wengi, mtulivu kama mtawa. Zikiwa zimebaki dakika chache, Bénédicte akapata tushi jingine. Concilie akaenda akasimama peke yake nyuma ya mabeki wote wa Ngarama, karibu kabisa na goli. Mpira ukamfikia, akaupa kichwa, wavuni. Kina mama wa Ngarama wakainua mikono wakidai ameotea.

Nehemiya akatikisa kichwa. "Mpira ya kurusha hakuna kuotea. Hii sasa ni goli. Goli kabisa!"

Safari hii walisubiri aseme kwanza, ndipo wakacheza.

* * *

Habari ilimfikia Kalume kabla mkewe hajafika nyumbani. Alikuwa kwenye kibanda cha maziwa, na tangu dakika ile maisha yake yakawa mateso.

"Papa Joël, mchi umeshauchonga?"

"Fundi, utatwanga umevaa suruali au utafunga kitenge?"

"Mi nataka sombe ya mukono ya mwanaume. Banasema inakuaka na chumvi mingi!"

Alijifanya kucheka. Usiku hakulala vizuri. Kutwa alishona viraka vya watu, maana hakukuwa na kazi nyingine, na kila cherehani ilipolia alisikia kinu. Alimwomba Mungu Mbarara washinde, kisha akaona haya kwa ombi hilo, kisha akaliomba tena.

Asubuhi iliyofuata Bénédicte alikuwa uani akitwanga sombe ya kupeleka sokoni, na mguu wa kulia ukipanda na kushuka kama kawaida yake. Alijaribu kuuzuia. Alihesabu, alijiuma mdomo, aliukemea kwa sauti. Mguu haukusikia.

Bernardine alitoka jikoni na kigoda chake, akakiweka kando ya kinu, akaketi, akavua ndala. Bila kusema neno akanyoosha mguu wake mkavu na kuuweka juu ya mguu wa mkamwana wake, akaukandamiza.

"Mama! Unafanya nini?"

"Twanga."

"Lakini Mama..."

"Nimesema twanga. Kwetu Fizi musichana wa kuinua muguu alikuwa anatwanga hivi, muguu ya mama yake juu. Ukiinua muguu, nguvu inatokea nyuma, inapotea bure. Mama yako hakukufundisha?"

"Mama alikufa hajanifundisha."

Bernardine akaukandamiza mguu zaidi.

"Njo maana," akasema. "Twanga, mutoto wangu."

Bénédicte akatwanga. Mwanzoni mwili ulikataa, ukayumba, akakaribia kuanguka juu ya mama mkwe. Kisha taratibu akaanza kusikia nguvu ikitoka mahali pengine, chini kwenye nyayo, ikipanda mapajani, mgongoni, mabegani. Mchi ukagonga chini ya kinu kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia.

"Unaona?" Bernardine akasema.

"Mama, juu ya nini unanisaidia? Mutoto wako atachekwa."

Bernardine alitazama kando, kuelekea Ziwa Nakivale, kana kwamba anaona haya.

"Mi nilizaa, nikalima, nikakimbia vita na mutoto mu mugongo. Hakuna mutu hata moja alishanipigiaka makofi." Halafu macho yake makali yakacheka. "Na tena, mi nataka kuona Kalume anatwanga. Ninakufa je bila kuona ile?"

Kila asubuhi mpaka Jumamosi ya fainali wakawa hivyo: mmoja anatwanga, mwingine amemkanyaga. Kalume aliwaona. Aliuliza mama yake ana nini na mguu wa mke wake, akaambiwa akashone.

* * *

Walikwenda Mbarara juu ya Fuso ya ndizi, wamekalia majani makavu, wakiimba tangu wanatoka Rubondo. Walipopita Masha wachungaji wa ng'ombe waliwapungia fimbo, na Concilie, yule mtulivu, akawapungia kiatu. Furaha ya namna hiyo humfanya mtu asahau kwamba ana njaa.

Getini mlinzi aliwakatisha furaha. Uwanja ulikuwa wa shule moja kule Kakoba, mtaa wa Mbarara, na mlinzi alipoona wanawake wameshuka kutoka gari la ndizi hakuuliza mara mbili.

"Nyinyi wa chakula, geti yenu iko nyuma. Jikoni kule."

"Sisi ni wachezaji," Rénovat akasema.

"Wachezaji ya nini?"

"Ya fainali, bwana! Fungua!"

Mlinzi akawatazama juu mpaka chini, jezi za wanaume, raba zilizochakaa, mmoja amefunga kamba ya kitenge mahali pa mkanda. Akafungua akiguna. Wakapita wote kimya, na hakuna aliyeimba tena mpaka walipofika katikati ya nyasi. Pale Bénédicte akawageukia wenzake.

"Bamama, tumeambiwa tupitie jikoni. Sawa. Tuwapikie."

Upande wa pili walikuwa kina mama wa soko la Kakoba, wenye raba mpya na kipa hodari aitwaye Kembabazi, muuza nyanya, mikono mirefu, haachi kitu kipite. Filimbi ikalia, ya Nehemiya yuleyule, na Kakoba wakaanza kuwakimbiza wageni huku na kule. Wakapata goli mapema, watu wakaimba, na Rénovat akala ukosi wa shati lake.

Kalume alikuwepo. Aliaga kwamba anakwenda Mbarara kutafuta uzi, akavaa kofia ya kuazima, ya mjomba wa mtu, akajificha nyuma ya goli moja, katikati ya mashabiki wa Kakoba. Hakuna ambaye angemtafuta pale. Alikuja kushuhudia kwa macho yake kwamba hatatwanga. Goli la Kakoba lilipoingia alipiga makofi. Mawili tu, la tatu lilikataa kutoka, maana macho yake yalikuwa yamempata mkewe, amesimama peke yake pembeni, mikono kiunoni, mabega yanapanda na kushuka, na Kalume aliujua mgongo ule hata kama angeuona gizani.

Kipindi cha pili Kakoba wakahamia goli la upande wa Kalume, na tushi likapatikana. Bénédicte akaushika mpira. Mchezaji wa Kakoba akaja akasimama puani pake, anarukaruka, anapunga mikono.

"Nyabo, rudi nyuma!" Nehemiya akamkemea. "Mita mbili! Mpe mama nafasi yake!"

Bénédicte akasikia mguu wa kulia ukiwasha, ukitaka kupanda. Akafumba macho kidogo. Akausikia uzito wa nyayo kavu ya Bernardine juu yake. Mikono ikarudi nyuma ya kichwa, ikaja mbele. Hakuna filimbi! Mpira ukaenda mpaka mbele ya goli, Concilie akapanda juu ya wote, kichwa, goli! Sare, moja kwa moja!

Nyuma ya goli mwanamume mmoja mwenye kofia ya mjomba aliruka juu. Mashabiki wa Kakoba wakamgeukia. "Nilikanyaga mwiba," akasema Kalume.

Tangu hapo mchezo ukawaka moto. Kakoba walipiga mwamba. Nakivale wakaokoa mpira kwenye mstari. Kembabazi akaruka kushoto akapangua, akaruka kulia akapangua. Watu walikuwa wamesimama wote, hata yule mlinzi wa getini aliacha geti wazi akaja kuangalia. Rénovat hakuwa na sauti tena, alikuwa anafungua tu mdomo.

Nehemiya akaangalia saa. Mpira ukatoka pembeni, karibu na kona ya Kakoba. Tushi la Nakivale. Kila mtu alijua ni la mwisho.

Bénédicte alikwenda kuuchukua akipangusa viganja kwenye kaptula, kaptula ileile. Aliwaza: nikikosa, hii ndiyo mara ya mwisho naushika. Hakuwaza kikombe. Aliwaza kwamba kesho hakuna atakayeita jina lake. Na hapo hapo kina mama wenzake wakaanza kupiga makofi kwa mpigo mmoja, mpigo wa kinu, na kuita: Bé-né-dicte! Bé-né-dicte!

Miguu chini. Mikono nyuma. Akatwanga.

Mpira ulipanda, ukapita juu ya mabeki, ukapita juu ya Concilie aliyeruka akaukosa kwa unywele, ukaanza kushuka kuelekea golini. Kocha wa Kakoba, aliyeijua sheria, alipiga kelele: "Reka! Reka!" Uache! Uache uingie wenyewe, si goli! Lakini nani awezaye kuuona mpira unakuja usoni na kuuacha? Kembabazi akanyoosha ile mikono yake mirefu. Mpira ukatua wavuni.

Makelele pande zote mbili.

Nehemiya alikuwa mbali, na miili mingi ilikuwa mbele yake. Akakimbia, akasimama, akainua mkono kuelekea kipa. "Hapana goli! Imeingia yenyewe!"

Kina mama wa Nakivale wakashika vichwa. Concilie akaketi chini. Bénédicte alibaki pale pale kwenye mstari, miguu yote miwili ardhini, na machozi yakaanza kumtoka bila kelele. Basi. Imekwisha.

"Uongo!"

Sauti ilitoka nyuma ya goli. Mwanamume mwenye kofia alikuwa akisukumana na mashabiki wa Kakoba, kofia ikaanguka, akakanyagwa, akatokea mbele amevimba mishipa ya shingo.

"Refa! Amegusa! Mi niko hapa karibu, nimeona! Amegusa na kidole!"

"Wewe nani?" Nehemiya akafoka.

"Mi ni bwana yake ule mwenye kurusha! Refa, mwangalie kipa! Kama hakugusa, anashikilia kidole juu ya nini? Kidole inamuuma na nini? Na upepo?"

Uwanja mzima ukamgeukia Kembabazi. Na kweli, maskini, alikuwa amekibana kidole cha kati kwenye kiganja cha mkono mwingine, uso umekunjamana kwa maumivu. Nehemiya akamsogelea.

"Nyabo. Wewe nagusa au hapana gusa?"

Kocha wake alikuwa akimtikisia kichwa: kataa, kataa. Kembabazi akamtazama kocha, akatazama kidole kilichoanza kuvimba, kisha akatazama kule pembeni, kwa mwanamke aliyesimama akilia kwenye mstari.

"Nimegusa, ssebo," akasema. "Tena huyu mama amenivunja kidole. Anakula nini kwao?"

Nehemiya akapuliza filimbi na kuonyesha katikati. Goli!

Jinsi ilivyokuwa baada ya hapo hakuna anayeweza kusimulia sawasawa. Rénovat alibebwa, akaangushwa, akabebwa tena. Concilie, mtulivu, alikuwa akilia kwa sauti kama mtoto. Kalume alikuwa akirukaruka peke yake mbele ya goli, ngumi juu, anaita "Bénédicte! Bénédicte!" mpaka akakuta mkewe amesimama mbele yake.

"Papa Joël," Bénédicte akasema. "Ulikuja kununua uzi?"

Kalume akafungua mdomo. Ngumi ilikuwa bado juu. Ndipo kilipomjia, chote kwa mpigo mmoja, kitu alichokifanya. Bénédicte alikiona kikimjia usoni, akacheka mpaka akainama.

* * *

Kitambaa cha kwaya hakikurudi. Nisikudanganye, mzee wa kanisa alikipeleka kwa fundi mwingine, na nyumba ile ilikula muhogo mkavu kwa siku nyingi.

Lakini siku ya soko Rubondo ilijaa kama Krismasi. Walikuja waliokuwa na cha kununua na wasiokuwa nacho. Vijana wa kibanda cha maziwa walifika mapema wakashika nafasi za mbele. Hata mzee wa kanisa alionekana kwa mbali, akijifanya kuchagua vitunguu.

Kalume alikuja akiwa amevaa shati lake la Jumapili. Alitembea kati ya watu bila kumtazama mtu, akakifikia kinu, akaushika mchi. Kicheko kilichopigwa pale kiliwarusha kunguru. Akatwanga mara ya kwanza, majani yakamrukia usoni. Mara ya pili mchi ukagonga ukingo. Mara ya tatu ukaingia vizuri, na mguu wake wa kulia, bila yeye kujua, ukapanda nyuma kama wa mcheza ngoma.

"Muguu!" akapiga kelele Concilie.

"Muguu! Muguu!" soko zima likapokea. "Refa! Muguu iko juu!"

Kalume akasimama. Jasho lilikuwa likimtiririka, majani ya sombe yamemganda kwenye ndevu, na kwa mara ya kwanza tangu apokonywe kitambaa midomo yake ilikuwa ikitetemeka kwa kitu ambacho hakikuwa hasira wala haya. Kwenye kigoda chake Bernardine alikuwa anapiga makofi, anajifuta macho, anapiga tena.

Bénédicte akavua ndala. Akamsogelea mumewe mbele ya soko zima, akaweka mguu wake juu ya mguu ule uliopanda, akaukandamiza chini.

"Haya, Kalume," akasema. "Twanga."